Fedha za Mgeni: Vibarua wa Kigeni na Uchaguzi wa Mahali pa Kuweka Akiba katika Karagwe na Kyerwa, 1921–2014

1.0 Utangulizi

Historia ya benki nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kwa kufuata majengo: tawi lilifunguliwa wapi, mwaka gani na kwa mtaji wa nani. Mkabala huo una manufaa yake, lakini haumwoni mtu aliyelipwa ujira wake kwa fedha taslimu, zaidi ya kilomita 100 kutoka Bukoba, katika nchi isiyo yake, na ambaye alipaswa kuamua jioni hiyohiyo fedha zile zilale wapi. Insha hii inamchukua mtu huyo kuwa kiini cha uchunguzi.

Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyomegwa kutoka kwake mwaka 2012, inapakana na Rwanda na Uganda, na kwa sehemu kubwa Mto Kagera ndio mpaka. Tangu zama za ukoloni, watu kutoka Rwanda, Burundi na kusini mwa Uganda wameingia katika nchi hii ya Wanyambo kutafuta kazi katika mashamba ya kahawa na migomba, katika uchungaji wa ng'ombe, na katika migodi ya bati ya Kyerwa. Kila mmoja wao alikabiliwa na maswali matatu kuhusu akiba yake. Je, mtunzaji wa fedha atanitambua? Je, nitaweza kuzichukua nikiwa ng'ambo ya mto? Je, siku hiyo zitakuwa bado na thamani? Insha hii inatetea hoja kwamba kwa muda mrefu benki ilishindwa kuyajibu maswali haya kwa namna ya kumridhisha mgeni. Kwa hiyo, kuikwepa benki kulikuwa uamuzi wenye mantiki, si dalili ya ujinga. Hata hivyo, uamuzi huo ulikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa siku mgeni alipoamriwa kuondoka.

2.0 Shilingi upande huu, faranga upande ule

Mwaka 1921 shilingi ya Afrika Mashariki ilianzishwa, na ikawa fedha ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa mtu aliyetoka Ankole kuja kuchimba bati Kyerwa, au kwa Mnyambo aliyekwenda Buganda kulima pamba na kahawa za watu, mpaka haukuwamo ndani ya mfuko. Shilingi aliyoipata upande mmoja aliitumia upande wa pili bila kupunjwa na mbadilishaji.

Hali ya Mnyarwanda na Mrundi ilikuwa tofauti. Nchi zao zilikuwa chini ya Ubelgiji na zilitumia faranga ya Kongo. Akiba ya shilingi ilimlazimu kubadilisha fedha au kununua kitu kabla ya kuvuka. Katika mazingira hayo, nguo, blanketi, majembe, baiskeli na hatimaye ng'ombe havikuwa matumizi peke yake. Vilikuwa namna ya kuhamisha ujira kutoka mfumo mmoja wa fedha hadi mwingine. Ng'ombe hana nchi, huzaa, na thamani yake hutambuliwa Karagwe kama inavyotambuliwa Rwanda. Kwa mtu asiye na kitambulisho kinachokubalika dirishani, mali ya namna hiyo ilijibu maswali yote matatu kwa pamoja.

Asasi rasmi zilikuwapo. Serikali ya kikoloni iliendesha benki ya akiba kupitia ofisi za posta, na mwenye kitabu cha akiba aliweza kuweka kiasi kidogo cha fedha. Benki za biashara kwa upande wake zililenga wafanyabiashara, walowezi na wasafirishaji wa mazao. Baina ya ngazi hizo mbili, kibarua wa kigeni alibaki na watunzaji wasio rasmi: mwenye duka, jamaa aliyetangulia kuhamia, au mwajiri mwenyewe. Mwajiri alikuwa mtunzaji wa lazima mara nyingi, kwa kuwa katika uchumi wa kahawa fedha taslimu huonekana baada ya mavuno. Desturi ya butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya chini ili kupata fedha mapema, inadhihirisha jinsi fedha zilivyokuwa adimu kabla ya msimu. Iwapo mwenye shamba mwenyewe hakuwa na senti, kibarua wake alimkopesha jasho lake hadi kahawa iuzwe. Akiba ya aina hiyo haikuwa na kitabu wala shahidi.

3.0 Mpaka unaingia ndani ya noti

Rwanda ilianza kutumia faranga yake yenyewe mwaka 1964. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda ziliachana na shilingi ya pamoja. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni mwaka huo. Kuanzia hapo, mpaka uliokuwa ukipita mtoni ulipita pia katika noti. Februari 1967, kufuatia Azimio la Arusha, benki za biashara zilitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Kwa mwananchi, hatua hiyo iliahidi benki iliyo mali yake. Kwa mgeni wa mashambani, ilimaanisha kwamba mlango ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mlango wa dola ileile iliyokuwa na mamlaka ya kuuliza uhalali wa ukaazi wake.

Kipindi hichohicho kilileta wageni wa aina nyingine. Wakimbizi wa Kinyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959 walipewa makazi, miongoni mwa maeneo mengine, Nkwenda na Kimuli, ambayo leo yamo Kyerwa. Hawa walipewa ardhi, na ardhi ikawa hazina yao. Mwaka 1980 Tanzania ilianza kutoa uraia kwa Wanyarwanda wengi wa kundi hilo. Kwa mtazamo wa insha hii, cheti cha uraia kilikuwa pia hati ya kifedha: kilimwondoa mtu katika kundi la wale ambao mali yao hutegemea hisani ya jirani.

Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita vya Kagera vya 1978–1979, ambapo daraja la Kyaka lilibomolewa, kuliongeza fundisho jingine. Njia ya kwenda Uganda ilifungwa, na shilingi ya Uganda ikaendelea kupoteza thamani katika miaka iliyofuata. Aliyekuwa ameweka akiba yake yote upande mmoja wa mpaka aligundua kwamba umbali wa kilomita chache unaweza kuwa mrefu kuliko safari ya Dar es Salaam.

4.0 Noti zilizokufa

Mwaka 1994 mauaji ya kimbari nchini Rwanda yalifuatiwa na wimbi kubwa la wakimbizi. Takribani watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja hivi mwishoni mwa Aprili, na kambi zilifunguliwa Karagwe pia. Waliobeba fedha walibeba faranga. Januari 1995 serikali mpya ya Kigali ilibadilisha noti, na noti za zamani zikapoteza uhalali. Aliyekuwa uhamishoni na hakuweza kurudi kuzibadilisha alibaki na karatasi.

Tukio hili linafafanua swali la tatu kuliko tukio jingine lolote katika kipindi kinachochunguzwa. Fedha mfukoni huonekana kuwa salama kwa sababu mwenyewe huziona na kuzigusa. Hata hivyo, noti ni ahadi ya dola, na dola inaweza kuiondoa ahadi hiyo bila kumwuliza aliyeishika.

5.0 Siku ya kuondoka

Miaka ya 1990 milango iliongezeka. Sheria ya mwaka 1991 iliruhusu benki binafsi, na ile ya mwaka 1992 ililegeza udhibiti wa fedha za kigeni. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010. Mtaalamu wa kigeni mwenye pasipoti, kibali cha ukaazi na barua ya mwajiri aliweza kuchagua: akaunti ya shilingi kwa matumizi ya kila siku, au ya dola kwa ajili ya kuhifadhi thamani. Lakini katika kuwafungulia wafanyakazi soko la ajira, orodha ya Tanzania ilihusu hasa wataalamu. Kibarua wa kahawa na mchungaji wa ng'ombe walibaki nje ya orodha, na hivyo nje ya hati ambazo benki huzidai.

Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete aliwataka wahamiaji haramu waondoke nchini, na Septemba mwaka huo Operesheni Kimbunga ilianza katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Taarifa za wakati huo zilieleza familia zilizotenganishwa na watu waliopoteza mali zao, wakiwamo walioishi nchini kwa miongo mingi. Hapo ng'ombe, shamba na deni la mwajiri, ambavyo kwa miaka tisini vilikuwa jibu la busara, viligeuka kuwa mzigo. Shamba halibebeki. Ng'ombe anayeuzwa kwa haraka hupangiwa bei na mnunuzi. Ujira usioandikwa hauwezi kudaiwa na mtu aliyekwisha kuvushwa mpaka.

Wakati huohuo njia mpya ilikuwa imeshapatikana. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2014 kampuni ya Tigo ilianzisha utumaji wa fedha kati ya Tanzania na Rwanda, ukiambatana na ubadilishaji wa fedha za nchi hizo mbili. Kwa mara ya kwanza kibarua aliweza kuona akiba ndogo ikivuka Kagera bila yeye kuvuka. Pamoja na hayo, swali la kwanza halikufutika. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 ilidai kila laini isajiliwe, na asiye na hati alilazimika kutegemea laini ya mtu mwingine. Mwenye laini akawa ndiye mwenye fedha, kama alivyokuwa mwenye duka zamani.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba uchaguzi wa mahali pa kuweka akiba miongoni mwa vibarua wa kigeni wa Karagwe na Kyerwa uliongozwa na hesabu ya hatari. Ng'ombe, mwajiri, kitabu cha posta, ardhi na simu vilikuwa majibu tofauti ya maswali yaleyale ya utambulisho, mpaka na thamani. Mabadiliko ya teknolojia yalipunguza uzito wa swali la mpaka, na mabadiliko ya sera yalipunguza uzito wa swali la thamani. Swali la utambulisho ndilo lililobaki, na ndilo lililoamua nani angeondoka na jasho lake na nani angeliacha. Kwa sababu hiyo, tafiti kuhusu huduma jumuishi za fedha katika wilaya za mpakani hazina budi kuanzia katika historia ya uhamiaji na uraia, kwa kuwa akaunti ya mgeni hufunguliwa au kufungwa katika ofisi ya uhamiaji kabla hajafika kwenye dirisha la benki.