Mwiba Katika Mwili

Leo twataka kulitazama neno moja tu. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, mlango wa 12, aya ya 7, Mtume Paulo ataja mwiba aliopewa mwilini. Neno la Kiyunani aliloandika ni skolops, nalo halipatikani mahali pengine po pote katika Agano Jipya. Miiba ya taji la Bwana, na ile iliyosonga mbegu za mpanzi, yaitwa kwa jina lingine, akantha.

Zamani, katika mashairi ya Homer, skolops ilikuwa nguzo iliyochongwa ncha, ya kuzungushia boma la vita. Ndiyo maana Martin Luther aliandika "nguzo" katika Biblia yake ya Kijerumani. Biblia ya kale ya Kilatini yasema mchokoo, kama ule wa kumwongozea ng'ombe alimao.

Lakini Wayahudi waliofasiri Agano la Kale kwa Kiyunani, kabla ya Kristo kuzaliwa, walilitumia kwa vitu vidogo: vichomavyo macho katika Hesabu 33:55, na miiba ya kuzibia njia katika Hosea 2:6. Maandiko hayo Paulo aliyajua sana. Kwa hiyo twaona wafasiri wetu wa Kiswahili walichagua vema.

Tena Kiswahili chatusaidia. Mwiba ni wa mgunga, ni wa samaki akwamaye kooni, ni wa nge, ni wa taa wa baharini, ambaye kwa ncha moja humlaza chini mvuvi mwenye nguvu. Udogo wake haupunguzi maumivu.

Ulikuwa ugonjwa gani? Tertullian alitaja maumivu ya kichwa au ya sikio. Chrysostom alidhani ni watu waliompinga Mtume. William Ramsay alisema malaria, na sisi tulioijua homa hiyo twamwelewa. Paulo mwenyewe alinyamaza.

Twasema haya kwa kuwa tumewasikia watu wakimwambia mgonjwa, akiwa kitandani, ya kwamba angalikuwa na imani ya kutosha mwiba wake ungalikwisha kutoka. Na wasome aya ya 8 na ya 9. Paulo alimsihi Bwana mara tatu, akajibiwa. Wala hapana neno lisemalo kwamba mwiba uling'olewa.