Dramu za Kijapani zilizodharauliwa

Wadau, mkikuta dramu kuukuu za bei poa zenye jina msilolijua, msicheke kwanza. Tarehe 9 Februari 1964 The Beatles walipiga kwenye televisheni ya Marekani, watu kama milioni 73 wakitazama, na Ringo Starr kakaa nyuma ya seti ya Ludwig. Vijana kibao wakataka zao. Ludwig ilikuwa ghali, basi waagizaji wakazifuata za Kijapani, toka viwanda kama cha Pearl, na kila mmoja akabandika jina lake. Ndiyo maana seti pacha zina majina tofauti!

Mbao zake laini, vyuma vyepesi, sibishi. Lakini mara nyingi kinachozipa sauti ya ndoo ni ngozi zilizochoka tu. Remo Belli alianza kuuza ngozi za plastiki mwaka 1957. Zile za ndama zilikuwa zinalegea hewa ikiwa na unyevu. Kwa hiyo kagua kama pipa bado ni duara na ukingo haujabonyea. Pima upana kabla ya kununua ngozi mpya, maana za zamani nyingine zimezidi kidogo. Skrubu tia mafuta, kisha kaza zinazotazamana, kwa zamu.