Neno na Njia katika Biblia ya Wakantoni

Robert Morrison alifika Guangzhou mwaka 1807, na Biblia ya Kichina aliyoifasiri pamoja na William Milne ikatolewa mwaka 1823. Katika Yohana 1:1 waliandika neno lenye maana ya usemi tu. Wafasiri wa baadaye walichagua "dao", ambalo wasemao Kikantoni husoma "dou". Nayo Biblia ya Kichina ya Muungano ya mwaka 1919 ikalishika.

Neno hili ni la vitabuni. Sokoni Mkantoni huita njia "lou", na kunena "gong". Lakini "dou" hubeba njia, kunena na mafundisho pamoja. Tena kitabu cha Laozi kilikwisha kulitumia kwa asili ya vitu vyote. Je, walikosea kulipokea na mzigo huo? Twaona sivyo, kwa maana hata "logos" la Kiyunani lilipita kwanza mikononi mwa wanafalsafa.

Hata leo kuhubiri kwa Kikantoni ni "gong dou". Na katika Yohana 14:6 Biblia hiyo yasema "doulou"; hivyo msikiaji husikia Neno ndani ya Njia. Sisi tunayo maneno mawili. Basi tuangalie tusihubiri Neno pasipo kuifuata Njia.