Dakika za Mariga

Tarehe 28 Aprili 2010, Camp Nou. Inter wamebaki kumi tangu dakika ya 28, Thiago Motta alipolambwa kadi nyekundu. Dakika ya 84 Piqué anafunga. Bao moja zaidi na Barcelona wanakwenda fainali. Dakika mbili baadaye Mourinho anamtoa Samuel Eto'o na kumwingiza kiungo wa Nairobi, McDonald Mariga.

Mimi ni mtu wa Sikonge, nasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu ni wa wapagazi. Labda ndiyo maana nikitazama marudio ya mechi ile naona kazi ninayoifahamu. Misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilitembea juu ya mabega ya Wanyamwezi, pengine frasila mbili kwa kila mtu, lakini jina lililoingia kitabuni lilikuwa la mwenye msafara. Mariga hakuingizwa afunge. Aliingizwa abebe. Bojan aliutia mpira wavuni dakika za nyongeza, mwamuzi akakataa kwa sababu ya mkono wa Yaya Touré. Inter wakapita.

Miezi mitatu tu kabla ya hapo Mariga, akiwa Parma, alikuwa mbioni kwenda Manchester City. Kibali cha kazi kikakwama: Uingereza ilitaka taifa la mchezaji liwe ndani ya 70 bora za FIFA, na Kenya haikuwamo. Hapa ndipo ninapochukia. Miguu yake ilikuwa imeshapimwa Serie A. Kilichofeli ni pasipoti. Inter wakamchukua.

Fainali ilikuwa Madrid, tarehe 22 Mei, dhidi ya Bayern. Katikati ya Wajerumani alianza Bastian Schweinsteiger. Mariga alikaa benchi hadi mwisho, Milito akafunga yote mawili. Schweinsteiger alirudi nyumbani mikono mitupu, ila miaka minne baadaye akabeba Kombe la Dunia, na mwaka 2015 akahamia Manchester United bila mtu kumwomba kibali (na hata wangemwomba, Ujerumani iko juu). Mariga alikwenda Real Sociedad kwa mkopo, akarudi Parma, kisha Latina, kisha Oviedo. Mdogo wake, Victor Wanyama, ndiye aliyefika Ligi Kuu ya Uingereza, Southampton, mwaka 2013.

Oktoba 2019 Schweinsteiger alistaafu akiwa Chicago Fire. Mwezi uliofuata Mariga aligombea ubunge wa Kibra kwa tiketi ya Jubilee, akashindwa na Imran Okoth wa ODM.