Mkataba wa mzabuni mmoja kwa ushauri wa kisayansi (Marekani)

Mkataba ambao idara ya serikali humpa mtoa huduma bila kushindanisha zabuni. Sheria ya ushindani ya mwaka 1984 huuruhusu kwa sababu chache tu, na afisa manunuzi hutakiwa kuzitetea kwa maandishi. Mfano mashuhuri wa mtoa huduma kama huyo ni Akademia ya Taifa ya Sayansi, iliyoanzishwa kwa sheria aliyotia saini Abraham Lincoln tarehe 3 Machi 1863: ichunguze suala lolote la sayansi ikiombwa na serikali, irudishiwe gharama, isilipwe ujira. Hoja nzito kuliko zote ya kuipa kazi bila zabuni ni uhuru wake, sifa ambayo bei ya zabuni haiwezi kuipima. Ili kulinda uhuru huo, tangu 1997 wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni kuhusu wanaoteuliwa kwenye kamati zake, na mgongano wa maslahi usioepukika lazima utangazwe.