Steringi Aliyemsamehe Adui

Katika kibanda umiza, banda la video la mtaani kwetu Temeke, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: steringi, yaani shujaa wa filamu, akishamwangusha adui, asimpe mgongo. Tulikaa kwenye mabenchi yaliyopigiliwa ovyo, joto la mle ndani ungeweza kukaushia mihogo, na kila steringi aliposhusha bunduki akaanza kuongea maneno ya busara, kibanda kizima kililipuka: “Mmalize! Mmalize wewe!” Kulikuwa na mzee mmoja, fundi baiskeli, ambaye siku zote alikaa nyuma karibu na mlango. Huyo hakupiga kelele. Alisema tu, taratibu, kama mtu anayetaja bei ya tairi: “Shukrani ya punda mateke.” Na kweli, haipiti muda adui anaamka, kisu mkononi.

Mzee yule nilimkumbuka miaka mingi baadaye, siku niliponunua pale Posta, kwa muuza vitabu vilivyotumika, kitabu kinene kilichokusanya katuni za kale za Wonder Woman. Nilikinunua kwa ajili ya binti yangu. Alisoma kurasa chache, akasema wanawake wa humo wanafungwafungwa kamba mno, akanirudishia. Nikabaki nacho mwenyewe, na humo nikakutana na steringi ambaye kibanda chetu kingemzomea kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Huyu mama ana nguvu za kuinua gari, anazuia risasi kwa bangili, halafu maadui zake anawapeleka shule.

Wonder Woman alitokea mara ya kwanza katika toleo la nane la jarida la All Star Comics, mwishoni mwa 1941, wakati Marekani inakaribia kuingia vitani. Mwaka uliofuata alikuwa na jarida lenye jina lake mwenyewe. Senti 10 zilitosha kulinunua. Mashujaa wengi waliomtangulia walikuwa wanaume, na hawakuwa wapole. Batman wa mwanzo aliua, mpaka wahariri wake walipopiga marufuku jambo hilo. Hata Joker, adui wake mkubwa, alikuwa afe katika toleo la kwanza la jarida la Batman mwaka 1940. Mhariri Whitney Ellsworth ndiye aliyeagiza kichorwe kisanduku kimoja cha ziada kuonyesha kwamba bado anapumua. Adui mzuri ni mtaji, hatupwi. Kwa hiyo msomaji akiona mashujaa wa katuni hawaui, asifikirie haraka kwamba ni utu. Mara nyingi ni biashara.

Kwa Wonder Woman habari ilikuwa nyingine, na sababu yake ni mtu aliyemtunga. William Moulton Marston alizaliwa Massachusetts mwaka 1893. Alisoma Harvard, akachukua shahada ya sheria, kisha udaktari wa saikolojia mwaka 1921. Akiwa bado mwanafunzi alibuni namna ya kumtambua mwongo kwa kupima shinikizo la damu. Inasimuliwa kwamba mkewe, Elizabeth Holloway, ndiye aliyemfungua macho kwa kusema kwamba yeye akikasirika damu humpanda. Marston alikiamini kipimo hicho kupita kiasi. Mwaka 1922 alikwenda kumtetea kwacho kijana mmoja mweusi wa Washington, James Frye, aliyeshitakiwa kwa mauaji. Hakimu alikikataa, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa nayo ikakikataa, ikisema kwamba njia ya kisayansi lazima kwanza ikubalike kwa wataalamu wa fani yake. Uamuzi huo ulitumika katika mahakama za Marekani kwa miongo mingi. Frye alibaki gerezani.

Baada ya hapo ukiitazama ile kamba ya dhahabu anayoning'iniza Wonder Woman kiunoni, huwezi tena kuiona kama pambo. Leo tunaijua kama kamba ya kusemesha ukweli. Katika hadithi za Marston ilikuwa na nguvu kubwa zaidi: aliyefungwa nayo alilazimika kutii lolote aliloambiwa. Kipimo kilichotupwa nje na mahakama kilirudi kikiwa kamba, na safari hii hapakuwa na hakimu wa kumbishia.

Kutii ndilo neno alilolipenda kuliko yote. Katika kitabu chake cha 1928 kuhusu hisia za watu wa kawaida alidai kwamba binadamu anaweza kufurahia kunyenyekea, mradi anayemnyenyekea anampenda. Na wenye uwezo huo wa kupenda na kuongoza kwa pamoja, aliamini, ni wanawake. Siku moja wao ndio wangetawala dunia. Nyumbani kwake aliishi na wanawake wawili, Elizabeth na Olive Byrne, kila mmoja akamzalia watoto wawili, na zile bangili pana za Wonder Woman zinafanana na alizovaa Olive. Watu wengi wakifika hapa huacha katuni wakaanza kujadili chumba cha kulala. Mimi siendi huko. Kinachonishughulisha ni gereza.

Maana Marston alimjengea shujaa wake gereza. Karibu na Kisiwa cha Peponi, kwao Wonder Woman na Waamazoni wenzake, wanawake wapiganaji, kuna kisiwa kingine kidogo. Mwanzoni kiliitwa cha Marekebisho, baadaye cha Mageuzi. Msimamizi wake ni Mala, rafiki wa Wonder Woman. Wahalifu wa kike wanaletwa huko, wanafundishwa kazi, wanafundishwa kupendana, na viunoni wanavishwa mshipi wa Venus. Mshipi huo unaondoa tamaa ya uovu na kumfanya mtu awe mpole na mtiifu. Hakuna anayenyongwa. Tukumbuke majira: vita vimeiva, katika majarida mengine Wajerumani na Wajapani wanalipuliwa kila ukurasa, na mchoraji Harry Peter, mzee aliyekuwa amepita umri wa miaka 60, anachora maadui wakishona na kujifunza.

Aliyeipima huruma hii mapema kuliko wengine ni Paula von Gunther, jasusi wa Wanazi aliyeingia mwaka 1942 katika jarida la Sensation Comics. Paula si adui wa mchezo. Anatesa, anaua, ana wasichana anaowatumikisha kama watumwa. Alikamatwa, akahukumiwa, akakalishwa kwenye kiti cha umeme. Akafa. Katika toleo la saba tunamkuta yuko hai. Watu wake walimfufua kwa mtambo alioubuni mwenyewe, na sasa yumo katika njama ya kuyafanya maziwa yaadimike ili watoto wa Kimarekani wakue mifupa ikiwa dhaifu. Hapo ndipo nilipokiweka kitabu chini nikacheka peke yangu. “Mmalize,” tulikuwa tukipiga kelele. Haya, huyu alimalizwa, kwa hukumu halali na umeme wa serikali, na bado amerudi na ubaya zaidi.

Mwaka 1943, katika toleo la tatu la jarida la Wonder Woman, mambo yanageuka. Inafahamika kwamba Paula ana binti mdogo, Gerta, ambaye Wanazi wamemshikilia. Mama akigoma kufanya kazi yao, mtoto anauawa. Wonder Woman haanzi na hotuba. Anakwenda kumchukua mtoto, anamleta kwa mama yake. Kuanzia hapo Paula ni wake. Baadaye anaungua vibaya uso akiokoa watu katika moto wa kiwanda cha silaha, na anapofikishwa mahakamani kujibu makosa yake ya zamani, Wonder Woman anasimama kumtetea. Baraza la wazee wa mahakama linamwachia huru. Adui aliyeshindikana kwa umeme anaishia kuwa mwanasayansi wa Waamazoni, msaidizi wa kutegemewa kwa miaka iliyobaki ya Marston.

Nina kinyongo kimoja na hadithi hiyo. Waliouawa katika njama za Paula hawapati hata kisanduku kimoja cha kusema wanalionaje suala la msamaha. Ndugu zao hatuwaoni mahakamani. Mtoto aliyeinunua katuni ile 1943 huenda alikuwa na kaka aliyekuwa akipigana baharini wakati huo huo, na anaambiwa jasusi ameungua uso, basi yaishe. Wonder Woman alisamehe deni ambalo kwa kiasi kikubwa halikuwa lake. Marston, ambaye hakuwa mtu wa kujishuku, hakuligusa hilo.

Lakini kuna jingine aliligusa, na aliligusa akiwa mahututi. Mwaka 1944 alipata polio. Kazi kubwa ya uandishi ikahamia kwa Joye Hummel, msichana wa miaka 19 aliyekuwa mwanafunzi wake, ambaye jina lake halikuwekwa kwenye majarida. Kisha ikaja saratani. Marston alifariki Mei 2, 1947. Toleo la 28 la jarida la Wonder Woman, lenye hadithi inayohesabiwa kuwa miongoni mwa za mwisho alizoandika, lilitoka mwanzoni mwa 1948 yeye akiwa kaburini.

Katika toleo hilo huruma ya miaka mitano inadai malipo. Wonder Woman ameleta kisiwani mateka wapya kutoka sayari ya Zohali, waliokuwa wakija duniani kukamata watumwa. Mmoja wao, Eviless, anakwepa kuvishwa mshipi kwa hila, kisha anawavua wenzake. Wanane wanaungana. Yumo Cheetah, yaani Priscilla Rich, tajiri mwenye nafsi mbili aliyeletwa kwa matumaini makubwa mwaka 1943. Yumo Giganta, sokwe aliyegeuzwa mwanamke. Yumo Dokta Poison, mtaalamu wa sumu, na Clea, malkia kutoka Atlantis. Mshipi ukianguka tu, Cheetah anarudi kuwa Cheetah. Miaka yote ile ya kushona na kupendana, kwake, imekaa kwenye kifungo cha mshipi.

Ningekuwa kibandani siku hiyo ningemgeukia mzee fundi baiskeli kumwambia kwamba punda wameshapiga mateke, wanane kwa mkupuo. Ila nadhani tungekosea. Tatizo la kisiwa kile ni kwamba msamaha ulifungwa kwa chuma. Mtu uliyemwondolea uwezo wa kukataa, ukafurahi kwamba hakatai, hujambadilisha. Umemhifadhi kama nyama kwenye friji, na siku umeme ukikatika utajua. Ajabu ni kwamba hadithi yenyewe inalijua hilo. Wafungwa wengine wanavuliwa mishipi vilevile, wanajisikiliza, na kukuta uovu wao haurudi. Wanakataa kutoroka. Wanageuka kuwasaidia walinzi wao. Kumbe kulikuwa na waliofundishika, lakini isingejulikana ni nani mpaka gereza lilipovunjwa.

Baada ya hapo kisiwa kilififia. Mwandishi aliyefuata, Robert Kanigher, alimpeleka shujaa kwenye vituko vingine na mapenzi yasiyokwisha. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alizishambulia katuni mbele ya kamati ya Seneti, na wachapishaji, kwa hofu, wakajiwekea kanuni: uhalifu lazima uadhibiwe, mbaya asishinde. Katika kanuni hizo hapakuwa na nafasi kubwa ya mhalifu anayejifunza kushona.

Ile kamba nayo ilipunguzwa. George Pérez alipomwanzisha upya Wonder Woman mwaka 1987, kazi ya kamba ilikuwa kumfanya mtu aseme kweli. Kumlazimisha atii hakukuwamo. Badiliko dogo, na wengi waliliona la kiungwana, kwani nani leo anapenda shujaa anayetawala akili za watu? Lakini mwaka 2005, katika toleo la 219 la mfululizo ule, mwandishi Greg Rucka alimkutanisha na Maxwell Lord, mtu aliyekuwa ameiteka akili ya Superman na kumfanya silaha. Wonder Woman anamfunga kamba na kumuuliza atamkomboaje Superman. Kamba inamlazimisha aseme kweli, na kweli yenyewe ni kwamba hakuna njia nyingine ila kumuua. Anamvunja shingo.

Kibanda chetu kingesimama na kupiga makofi. Ndani ya hadithi hakuna aliyepiga. Picha za tukio zinarushwa dunia nzima bila maelezo ya kilichotangulia: mwanamke mwenye nguvu za kutisha, mwanamume aliyefungwa, shingo inavunjika. Superman na Batman wanampa kisogo. Amefuata sheria ya mabenchi yetu, neno kwa neno, na inamgharimu kuliko Cheetah na wenzake wote. Kwa kamba ya 1942 angemwambia Lord amwachie Superman, na Lord angemwachia.

Binti yangu nilimsimulia haya yote tukiwa jikoni. Aliuliza swali moja tu: yule mama wa Kinazi, mwenye mtoto, naye alitoroka? Nikarudi kwenye toleo la 28 nikahesabu tena, jina kwa jina. Wako wanane, na Paula hayumo.