Matuta ya Uluguru na Elimu ya Mazingira katika Chuo Kikuu

Elimu ya kutunza mazingira, pamoja na ya ugomvi utokanao na utunzaji huo, haikuanzia patupu ilipoingia katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki. Palikuwapo tayari mambo yaliyokwisha kutendeka, ambayo yalitaka kufafanuliwa. Kwa Tanzania, mfano ulio bora ni ule wa milima ya Uluguru.

Milima hiyo, iliyosimama juu ya mji wa Morogoro, ndiyo chimbuko la mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Serikali ya Kiingereza iliogopa mmomonyoko wa udongo huko, na mwaka 1950 ikaanzisha mpango wa kuhifadhi ardhi. Watu walikatazwa kuchoma moto mashamba, wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko, na waliokaidi waliadhibiwa. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kupinga amri hiyo. Ghasia zikatokea, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango ukafa. TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kilitoka katika jambo hilo na nguvu zaidi.

Wako maofisa waliosema kwamba kisa chote kilikuwa fitina ya wanasiasa. Maelezo hayo ni mepesi mno. Ardhi ya Uluguru ilikuwa mali ya koo, nao Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama; wengi walilima kwa ruhusa ya mkuu wa ukoo mwingine. Mtu aliyetia jasho lake katika matuta ya kudumu angeweza kesho kudai shamba ni lake, na mwenye ardhi aliliona hilo mapema. Tena udongo wenye rutuba ni mwembamba: ukikata mlima ngazi kwa ngazi, waufukia ule mzuri na kuutoa nje ule mbovu, kisha mahindi hayastawi. Huko Mgeta wakulima walikuwa na ngazi zao ndogo, walizozifanya kwa kufukia majani na magugu kukata mteremko, bila kuamriwa na mtu.

Hapa mwanafunzi wa lugha ana la kusema. Kwa mkulima, tuta ni udongo ulioinuliwa ili kupandwa viazi, nalo huvunjwa msimu ukiisha. Serikali ilitumia jina lilo hilo kwa kazi ya kuubadili mlima wenyewe. Sidai kwamba ugomvi ulizaliwa na neno. Lakini aliyeagizwa tuta akaonyeshwa ngazi ya kudumu alikuwa na haki ya kuuliza shamba litakuwa la nani.

Uchunguzi ulifuata. Mwaka 1960 Roland Young na Henry Fosbrooke walitoa kitabu juu ya ardhi na siasa za Waluguru. Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961, na ofisi yake ya kuchunguza maliasili na matumizi ya ardhi ilipoundwa mwaka 1967, milima hiyo ikawa darasa. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya saa chache iliangusha maporomoko zaidi ya 1,000 katika eneo la Mgeta. Paul Temple na Anders Rapp waliyachunguza, wakaona kwamba mengi yalitokea penye mashamba na majani, na machache sana penye miti. Basi hofu ya serikali juu ya udongo haikuwa ya uongo. Dawa yake ndiyo iliyokosea, kwani mteremko wa namna hiyo hushikwa na mizizi iendayo chini sana kuliko jembe.

Wanahistoria walichelewa kidogo. Katika kitabu cha mwaka 1996 kilichohaririwa na Gregory Maddox, James Giblin na Isaria Kimambo, Pamela Maack aliandika juu ya upinzani huo akiutazama kutoka upande wa wakulima. Upande huo wahitaji masikio kuliko macho, kwa maana majalada ya maofisa yaliandikwa kwa Kiingereza, na waliokusanyika Matombo walisema kwa Kiluguru na Kiswahili.